Kibuyu cha Pembeni

Kasulo, Ngara
Jumapili, baada ya wageni kuondoka

Jeneroza mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Uko kwa jirani yetu Mama Sada unamalizia kusukwa, na hapa dirishani nasikia mnavyocheka. Kesho basi la asubuhi linakupeleka Dodoma, chuo kikuu, ukasome fizikia. Mimi nimekaa kwenye kitanda chako, begi lako liko wazi miguuni pangu, na nina hasira. Nimeona niandike kabla hasira haijapoa, maana nikipoa nitaanza kukuandikia habari za sabuni na kuvuka barabara, na hayo shangazi yako ameshakumalizia yote. Ukikuta nimechanganya r na l, sahihisha kimoyomoyo kama ulivyozoea.

Hasira yangu haitokani na kibuyu. Kibuyu nimekizoea miaka yote hii. Nimekasirika kwa sababu ulisema asante.

Mchana huu tulikuwa tunakuaga. Mtungi wa umutobe ulikuwa katikati ya ua, yale maji matamu ya ndizi kabla hayajachacha yakawa rubisi. Mirija ikachomekwa, watu wakauzunguka, huyu anavuta, yule anavuta, kama wanavyonywa watu waliokubaliana kuwa ni ndugu. Sherehe ilikuwa yako. Halafu shangazi yako akatoka jikoni na kile kibuyu kidogo chenye mrija mmoja, akakiweka kando ya kigoda chako, mbali na mtungi. Hakuwa na ubaya wowote. Alikiweka kama mtu anavyoweka chumvi mezani. Nawe ukakipokea kwa mikono miwili, ukapiga goti, ukasema, "Asante, shangazi."

Baba Mkubwa Filbert akaona hapo ndipo pa kutia nasaha. Unajua kaka yake baba yako akitaka kusema neno zito, hukohoa kwanza.

"Jeneroza, huko unakokwenda watu hawakujui, na hiyo ni bahati. Ule ugonjwa wa kuanguka uuache hapa hapa Kasulo. Usimwambie mtu. Ukisikia unakuja, ujifungie chumbani mpaka uishe."

"Ndiyo, Baba Mkubwa," ukasema.

Wewe! Wewe uliyebishana na katekista mbele ya kanisa zima kuhusu umri wa dunia mpaka akakwambia ukae chini kabla Misa haijachelewa! Wewe leo unaambiwa ukaanguke peke yako nyuma ya mlango uliofungwa kwa ufunguo, unajibu ndiyo. Nikajiambia labda ni heshima tu, mtoto hamjibu mkubwa mbele ya wageni. Kisha nimekuja kukukunjia shuka, nikakuta vidonge vyako umevitoa kwenye paketi ya hospitali, ile yenye jina lako, umevitia kwenye kopo la pipi. Kwa hiyo haikuwa heshima. Umekubali kweli.

Basi nisikilize, maana kesho kituoni nitalia na sitasema la maana.

Kibuyu kile nilikinunua mimi. Nadhani ulikuwa unafikiri ni mambo ya ukoo wa baba yako, nami nimekuacha ufikiri hivyo kwa sababu ilinifaa. Ulikuwa na miaka tisa, tulikuwa tunapura maharage. Ulisimama, ukatazama juu kama mtu aliyeitwa, ukaanguka juu ya maharage ukaanza kutupwatupwa. Watu wote waliachia fimbo zao wakarudi nyuma. Unazijua imani zetu: mwenye kuanguka haguswi, povu lake likikupata, au pumzi yake, basi ugonjwa umehamia kwako. Nami mama yako nilirudi nyuma. Nilisimama na fimbo yangu mkononi nikakutazama. Aliyekuja mbio ni Mama Sada, ambaye wakati huo alikuwa hana hata mwezi tangu ahamie kutoka Biharamulo, hata jina lako halijui. Alivua kanga aliyojifunga akaiweka chini ya kichwa chako, akakulaza ubavu, akakaa hapo akikupangusa mdomo kwa kiganja chake. "Ndugu yangu anao," akasema. "Miaka yote nimemshika, mbona mimi sianguki?" Kichwa anachokisuka sasa hivi ndicho kile alichokiwekea kanga.

Ungedhani nilijifunza siku hiyo. Wapi! Wiki ile ile nikaenda gulioni nikakununulia kibuyu chako, nikawa nakiosha kwa majivu, peke yake, kwa maji yake. Nilikuwa na wadogo zako wawili wa kunyonya na kutambaa, nikajiambia nawalinda. Hakuna aliyenilazimisha. Mtu akikuambia mila zetu hutoka kwa mababu, mwambie nyingine hutoka gulioni, zimenunuliwa na mama aliyeogopa.

Kisha tukaenda zahanati. Unamkumbuka yule tabibu mfupi? Alinieleza kwamba ubongo unafanya kazi kwa umeme, chembe zake zinapeana habari kwa umeme mdogo mdogo, na kifafa ni pale chembe nyingi zinapowaka kwa pamoja bila mpangilio. Nikamwambia, "Daktari, umeme haujafika Kasulo, utafikaje kichwani kwa mwanangu?" Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikuwa natania. Nilichukua vidonge kwa sababu alinipa, si kwa sababu nilimwamini, na dawa unayoitumia hivyo ni rahisi kuiacha.

Nikaiacha. Hukuanguka masika yote, hukuanguka kiangazi, nikasimama kwenye jumuiya nikashuhudia kwamba umepona, watu wakapiga vigelegele, nami nikarudi nyumbani nikamwaga vidonge chooni. Niliona nikiendelea kukupa nitakuwa namwambia Mungu simwamini. Haikufika mwezi ukaangukia mafigani. Lile kovu kwenye mkono wako wa kushoto ambalo unalifunika kwa mikono mirefu ya sweta, hata jua la saa nane likiwaka, halikuletwa na kifafa. Lililetwa na vigelegele. Nakuomba uache kulifunika, maana aibu yake ni yangu, na mimi nimeshaibeba, nimechoka nayo, sasa naivaa kama sketi ya shamba.

Walipotupeleka Mwanza kwa ajili ya kile kidonda, ndipo wakakubandika nyaya kichwani, na mashine ikachora mistari. Nilisimama nyuma ya daktari nikaona umeme wako kwa macho yangu. Milima na mabonde kama ya kwetu Ngara, halafu ghafla milima ikachongoka yote mara moja. Ulikuwa umelala tu, hata kidole hukutikisa. Nikauliza, "Imetoka wapi hii?" Nilikuwa tayari kuambiwa lolote, jini, laana, jicho la mtu. Daktari akasema, "Kwa mwanao, mama, sijui. Kwa wengine tunapata chanzo, kwa wengine bado hatujui."

Nilimpenda yule mtu kuanzia pale. Tangu uanze kuumwa, kila mtu alikuwa anajua. Mganga alijua. Wa maombi alijua. Baba Mkubwa alijua kabla hajakuuliza hata hali. Aliyesoma kuliko wote ndiye aliyesema hajui, na akasema bila kuona haya, akiendelea kutafuta. Ndiyo maana siku uliponisomea kwamba sehemu kubwa ya ulimwengu imetengenezwa kwa kitu ambacho wataalamu hawakijui, wamekipa jina tu la giza, mimi sikushangaa kama ulivyotaka nishangae. Nilijua nimeshakutana na mmoja wao.

Sasa nikuambie la baba yako, amenipa ruhusa. Ameniambia, "Mwandikie, mimi nikiandika nitaharibu."

Unajua alikuwa anachimba dhahabu machimboni Biharamulo. Usichokijua ni kwa nini misimu miwili hakuja nyumbani. Wachimbaji wenzake walisikia habari zako. Huko mashimoni wanaamini dhahabu inachagua, inamkimbia mwenye nuksi. Wakamwambia, ukienda kumgusa yule mtoto, usirudi kwenye shimo letu. Naye akachagua shimo. Alituma hela za chakula, hakuja. Na dhahabu hakuipata vilevile, maskini wa Mungu, alirudi na kikohozi na koleo.

Unakumbuka jioni ile ya mahindi ya kuchoma, ulipokuwa kidato cha tatu? Ulitusimulia kwamba wataalamu walinasa mtikisiko wa nyota mbili zilizokufa zikigongana, mbali kiasi kwamba ajali yenyewe ilitokea zamani za kale, wakageuza darubini zao huko wakaona mwanga, na kwenye mwanga ule wakasoma dalili za madini mazito yakitengenezwa, dhahabu nayo ikiwemo. Ukasema, "Baba, dhahabu ya Biharamulo huenda ilitoka kwenye ajali kama ile, kabla dunia haijakuwepo." Ulikuwa unapuliza hindi lako, hukumtazama. Mimi nilimtazama. Mtu mzima alikaa na hindi mkononi mpaka likapoa. Usiku akaniambia, "Mama Jeneroza, kumbe nilimkimbia mwanangu kwa ajili ya vumbi la ajali." Na juzi ulipoongeza kwamba ile darubini kubwa iliyo huko angani, inayoona mwanga wa nyota za mwanzo kabisa, kioo chake kimepakwa dhahabu, alicheka peke yake huku ananoa jembe. "Ndiyo maana sikuipata," akasema, "ilikuwa imeshapanda juu kumsubiri Jeneroza."

Hivyo ndivyo ulivyotufundisha, kwenye moto na mtumbwini. Hukuwa unajua kuwa unafundisha. Siku niliyogeuka mimi kabisa ni ile tuliyokuwa tunakamua ndizi, kiangazi kilichopita. Tumeinama kwenye mtumbwi, lile gogo la babu yako la kukamulia, nyasi mikononi, na wale nzi wadogo wa ndizi mbivu wametufunika hadi puani. Nawafukuza kwa kitambaa nikiwatukana. Nawe ukaniambia, "Mama, mheshimu huyo. Wamechora ubongo wake wote."

"Ubongo wa nani?"

"Wa huyo nzi."

"Huyu huyu wa mtumbwini?"

"Huyo huyo. Wamekata vipande vyembamba mno, wakapiga picha kila kipande, wakaviunganisha kwa kompyuta. Kila chembe, na kila uzi unaokwenda kwa mwenzake. Watu wengi, miaka mingi."

"Hawana mashamba hao?" nikauliza, nawe ukacheka. Nikauliza na wa mtu je, ukasema wa mtu bado sana, wamechora kipande kidogo tu, kama punje, na hicho peke yake kimewatoa jasho. Ukaniambia kuna waliopooza ambao wamewekewa kifaa kwenye ubongo, wanaandika kwenye kompyuta kwa kuwaza tu. Kuna vifaa vingine vinavyohisi kifafa kinapoanza vikakituliza papo hapo, ila huko kwenye hela nyingi. Ulisema hilo la mwisho haraka haraka, kana kwamba halikuhusu.

Mimi kitambaa kilinikaa mkononi. Nilikuwa nawaza hivi: kichwa cha nzi, ambacho mimi nakiua kwa kofi bila kuacha wimbo ninaoimba, kimewatoa watu makini jasho la miaka. Halafu kichwa cha mwanangu, Filbert anakimaliza kwa sentensi moja, amekohoa mara moja tu! Nani kampa ruhusa hiyo? Tangu siku hiyo simwogopi tena. Namwamkia shikamoo yake, naye ananiitikia marahaba, maana ni shemeji yangu na ni mkubwa. Lakini kichwa chako hakimo kwenye heshima hiyo.

Najua kwa nini umeweka vidonge kwenye kopo la pipi. Usidhani sijui. Umechoka kuwa yule wa kuanguka. Unataka mahali pamoja duniani uwe Jeneroza wa fizikia tu, mwenye nywele mpya. Ningekuwa wewe na mimi ningetaka hivyo. Lakini mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo haitanii mtu. Mlango uliojifungia kwa ufunguo, nani atakulaza ubavu? Siku ya maharage uliokolewa na mtu aliyeona. Ungekuwa umejificha ghalani kwa aibu, leo nisingekuwa na wa kumwandikia. Mwambie msichana wa kitanda cha jirani siku ya kwanza, kabla hamjaulizana mnatoka mkoa gani. Akihama chumba, ahame, umejua mapema. Akibaki, umempata Mama Sada wako.

Na wakikuangalia vibaya usiwaombe radhi. Hujamkosea mtu. Unakwenda kusoma nyota kwa ubongo huo huo unaochongoka milima, na ndio uliopata alama ambazo watoto wa Filbert, wenye ubongo tambarare, hawakuzipata. Hilo nimeliandika kwa ubaya na sitalifuta. Ng'ombe haelemewi na nundu yake. Wakisema mtoto wa mkulima wa Kasulo anatafuta nini angani, waambie wakulima tulikuwa tunatazama juu kabla wao hawajapata paa.

Sasa yaliyotokea baada ya wewe kujibu ndiyo. Ulikuwa umeinamisha kichwa, hukuona vizuri, kisha ukakimbilia kwa Mama Sada. Uliona miguu yangu tu ikija. Nilichomoa mrija wangu kwenye mtungi wa watu, nikaja kukaa chini karibu na kigoda chako, nikauchomeka kwenye kibuyu chako, nikavuta. Nilivuta mpaka nikakohoa. Unajua ni mara ya kwanza? Miaka yote hii nakiosha, sijawahi kukinywea. Umutobe ni ule ule, Jeneroza. Ni ule ule!

Uliyemsikia akija wa pili ni baba yako. Alipiga magoti na goti lake bovu lile, akachomeka wake. Ambacho hukuona ni shangazi yako. Alinyanyuka na mrija wake, akafika katikati ya ua, akasimama hapo, machozi yanamtoka, hakuweza kuja wala kurudi. Usimcheke. Mimi kutoka kwenye maharage mpaka kwenye kibuyu kile nimetumia miaka kumi, yeye ameshafika katikati ya ua kwa mchana mmoja. Baba Mkubwa alivaa kofia yake akasema, "Mmeniaibisha." Nikamjibu, "Shemeji, kiu ni yako." Nitatakiwa kuomba msamaha wa neno hilo kwenye kikao cha ukoo, na nitakaa kimya, na hawatanifanya kitu.

Wageni walipoondoka nilichukua kisu cha kuchinjia. Nilitaka kukivunjavunja kibuyu kile. Baba yako akanishika mkono akasema, "Kibuyu kina kosa gani?" Kwa hiyo nimekipasua katikati, polepole, kutoka shingoni mpaka chini, nikatoa nyuzi za ndani, nikasugua kwa mchanga. Nimepata kata mbili nzuri za kunywea maji.

Moja iko kwenye begi lako, chini ya shuka la bluu. Kopo la pipi nimeliweka ndani yake, na paketi ya hospitali yenye jina lako iko pembeni, tupu. Vidonge sikuvirudisha. Mkono wa kuvirudisha ni wako, na nitakuuliza kwa simu, na nitajua ukinidanganya.

Kata nyingine nimeiweka juu ya mtungi wa maji hapa mlangoni, ndiyo ya nyumba nzima kuanzia leo, ya wadogo zako, ya baba yako, ya mgeni yeyote. Baba Mkubwa hupita kila Jumatatu akitoka shamba, na hupita na kiu. Kesho akibisha hodi, wewe utakuwa umeshavuka Biharamulo. Nitamwamkia, nitamkaribisha kiti, na nitamchotea maji.

Mama yako,
Mama Jeneroza